Chumvi ya Wawindaji

Wawindaji hupenda kutia chumvi. Jioni moja ya majira ya kuchipua, huko Missouri, Marekani, niliketi na wawindaji wa bata mzinga wa mwituni. Mmoja alidai kuwa dume alilolifuata likitandaza mkia asubuhi, kuku wa kijiji kizima hurudi kulala wakidhani usiku umeingia. Mwenziwe akajibu kuwa lake lina macho makali hata liliisoma saa yake ya mkononi toka ng'ambo ya kilima, likamwambia inachelewa dakika tano. Tulicheka sana. Hakuna aliyedanganyika, kwani wote tulijua ni mzaha.

Kisha wakapanga mambo ya alfajiri: nani ataketi chini ya mti gani. Hapo, ndugu msomaji, mzaha ulikoma. Wawindaji hawa huvaa nguo za rangi ya majani na huiga sauti ya jike ili dume lije. Mwenzao asiyejua walipo huweza kudhani amesikia ndege, akafyatua bunduki. Wako waliokufa hivyo.

Basi chumvi ya hadithi huburudisha baraza. Lakini uhai wa mtu unapotegemea neno lako, sema kweli tupu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.