Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Maisha Unayoyasubiri

Mpwa wangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mama yako alikuwa na kikohozi, lakini leo ameamka anamgombeza kila mtu, kwa hiyo amepona.

Barua yako nimeisoma. Unasema miaka hii ya chuo huihesabu. Maisha yataanza ukishapata kazi, kiwanja na jina. Kwa kuwa wewe ni mtu wa vitabu, nitakujibu kwa Warusi wa karne ya 19. Sijui watu waliogombana juu ya jambo hili kwa uchungu kuliko wao.

Anza na Alexander Herzen. Aliondoka Urusi mwaka 1847, na mwaka uliofuata akaona wafanyakazi wa Paris wakipigwa risasi mitaani. Wenzake walijifariji kwamba damu ile ndiyo bei ya kesho njema. Herzen alikataa. Aliandika kwamba si haki kizazi kizima kugeuzwa nguzo za kubeba sakafu ili wengine waje kuchezea ngoma juu yake. Hata mtoto, alisema, hakuzaliwa kwa ajili ya kuwa mtu mzima tu. Anapocheza anaishi tayari. Mwaka 1851 mwanawe Kolya alizama baharini pamoja na bibi yake. Tangu nilipolijua hilo, siwezi kuisoma hoja ile kama maneno ya mtu aliyekaa kivulini.

Upande wa pili alisimama Nikolai Chernyshevsky, aliyeandika riwaya yake ya 1863 akiwa mahabusu Saint Petersburg. Humo yumo Rakhmetov, kijana anayelalia misumari ili kujikomaza kwa ajili ya mapinduzi. Vijana wengi walimwiga. Chernyshevsky namheshimu, maana alilipa kwa miaka mingi ya Siberia. Lakini yeye alijinyima kwa ajili ya taifa. Wewe unajinyima kwa ajili ya kiwanja!

Dostoevsky naye alisimamishwa uwanjani Desemba 1849, akiwa na miaka 28, akingoja kupigwa risasi. Dakika za mwisho ikatangazwa kwamba adhabu imebadilishwa kuwa kazi ngumu. Siku hiyohiyo, akijua anapelekwa Siberia, alimwandikia kaka yake kwamba maisha ni zawadi, na kwamba yamo ndani yetu popote tulipo.

Ila kitabu ninachokutakia ni cha Tolstoy, Kifo cha Ivan Ilyich, cha mwaka 1886. Ivan ni jaji. Cheo anacho, mshahara umepanda, nyumba mpya amepata. Anapanda ngazi kuonyesha jinsi pazia linavyotakiwa kutundikwa, anateleza, anajigonga ubavuni. Maumivu yanaanza taratibu, na hayaondoki. Madaktari wanazungukazunguka, mke anaona usumbufu, na habari za kifo chake zikifika kazini, wenzake wanawaza nani atapandishwa cheo. Gerasim peke yake, mtumishi kijana aliyetoka shamba, anakaa usiku akiishikilia miguu ya mgonjwa juu ili apate nafuu, wala hamdanganyi kwamba atapona. Tolstoy hamhubirii mtu hapo, jambo la nadra kwake.

Sikukatazi kazi wala kiwanja, tafuta vyote. Ila kisome kitabu hicho kabla ya mitihani, ni kifupi. Kisha niandikie: katika nyumba ile, nani alikuwa anaishi?

Mjomba wako