Mdomo wangu ulivyoniponza Karatu

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimeolewa hukohuko fildi, jibu ni hapana, nilikuwa Karatu nafundisha na simu yangu ilikuwa inakaa na chaji saa mbili tu. Sasa nimerudi chuoni Dodoma, rumeti wangu bado yuko kwao, chumba kimetulia, nina chai na maandazi mawili, acha niwasimulie.

Wasiopajua Karatu: unatoka Dodoma alfajiri, Kondoa, Babati, Makuyuni, ukifika Mto wa Mbu gari linaanza kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara linabaki chini huko, masikio yanaziba, halafu unashuka stendi unakutana na baridi ya kufa mtu. Mwezi wa saba! Mimi mtoto wa Morogoro nililala na sweta mbili na khanga kichwani. Mji wenyewe umejipanga kando ya barabara kuu, na magari ya watalii yanapita hapo kutwa kwenda geti la Lodoare kuingia Ngorongoro. Wanaume wengi ni madereva, wapishi wa kambi, watu wa hoteli, wengine wanalima. Na wote wanajuana. Ukiwakutanisha Wairaqw wawili wasiofahamiana, dakika tano baadaye wameshapata shangazi mmoja.

Hilo la kujuana ndilo lililoniponza.

Shule sitaitaja. Nilipewa Kiswahili na Historia, halafu kwenye kikao cha kwanza nikajitia kimbelembele nikasema nimesoma kozi ya ushauri na unasihi. Basi nikaambiwa nimsaidie mwalimu wa ushauri nasaha. Kumsaidia maana yake yeye ana vipindi vingi, kwa hiyo nafanya mwenyewe. Chumba hakikuwepo. Tulikuwa tunakaa chini ya mti nyuma ya stoo ya chakula, na kila anayekwenda jikoni anatuona. Niliyoambiwa nilikuwa naandika kwenye kaunta buku moja, lenye majina kabisa, na hilo kaunta buku lilikuwa linashinda juu ya meza yangu ofisini chini ya boksi la chaki.

Wiki ya tatu akaja binti mmoja. Hapa mnisamehe, sitasema kidato chake, wala baba yake anafanya kazi gani, wala alichoniambia. Mkifika chini mtaelewa. Ninachoweza kusema ni kwamba mara tatu alikuja akakaa kimya anachora chora mchangani na kijiti, mara ya nne akasema, na mimi usiku ule sikupata usingizi.

Kesho yake saa nne, wakati wa chai, nikamsogelea mwalimu mmoja wa siku nyingi, mtu mzuri tu, mcha Mungu. Nikamwamkia, nikamwambia mwalimu naomba unisaidie mawazo, nina mwanafunzi ana tatizo hivi na hivi. Jina sikulitaja. Yaani nilijiona mtaalamu kabisa, si darasani tuliambiwa usitaje jina? Nikaeleza mambo mawili tu ya nyumbani kwao ili anielewe vizuri. Mzee akashusha kikombe. "Ahaa, huyo si mtoto wa fulani?" Mwalimu mwingine aliyekuwa anasahihisha madaftari akainua kichwa, "Yupi, yule wa kule juu?" Basi. Haikuchukua hata dakika.

Ijumaa mzazi akaja shuleni. Wala sidhani kama kuna aliyefanya kwa ubaya, kila mmoja alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa kusikitika. Jioni binti akanikuta bombani. Hakulia, hakupandisha sauti. Akasema, "Madamu, mimi nilikuambia wewe." Akajitwika ndoo yake akaondoka.

Wiki mbili hakuniangalia usoni darasani.

Sasa, mhadhiri wetu wa kozi hiyo alikuwa ametupa kazi mbili za kufanya tukiwa fildi. Moja, kumtembelea mtu anayetoa huduma ya ushauri nje ya shule na kumuuliza anatunzaje taarifa za wateja wake. Ya pili, kuandika habari ya mteja mmoja tuliyemsaidia, kurasa tano. Ile ya kwanza niliiona ni ya kujaza muda tu. Makabati na funguo, nani anataka kusoma hayo? Lakini baada ya yale mambo ya bombani nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia, kusema kweli, na mama mwenye nyumba wangu alimfahamu mama mmoja mwanasaikolojia aliyefungua ofisi yake binafsi pale mjini. Nikaenda Jumamosi.

Ofisi haina kibao. Mlango uko pembeni ya fundi cherehani, na ukimwona mtu anaingia utadhani anapeleka gauni likapunguzwe. Nikamwamkia, akanikaribisha, akanimiminia chai, na badala ya kutoa maswali yangu nikaanza kumwaga yote. "Mama, kuna binti shuleni, baba yake ni..." Akanyoosha mkono. "Simama hapo mwanangu. Umeanza tena."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akasema hahitaji kujua baba ni nani wala kazi yake, nimwambie nilichokosea mimi. Nikamwambia. Ndipo nikaelewa kosa langu hasa. Nilitoa jina nikadhani nimemaliza. Dar es Salaam labda ukitoa jina umemficha mtu, ila mji kama Karatu ukisema kazi ya baba na mahali mama alipo umeshapiga picha ya pasipoti.

Mafaili yake hakunionyesha hata moja, alinieleza tu. Jalada lina namba. Majina na namba zake viko kwenye daftari jingine, droo nyingine, ufunguo mwingine. Ndani ya jalada anaandika kidogo: tarehe, walichozungumza kwa ufupi, walichokubaliana kufanya. Umbea wa familia hauingii humo. Kwenye simu wateja amewaandika kwa namba vilevile, maana simu inaazimwa, simu inapelekwa kwa fundi, mtoto anachezea. Nikamuuliza na malipo je? Akacheka, akasema hapo ndipo alipojifunza kwa maumivu. Mtu akilipa kwa simu, meseji inabaki na jina la aliyelipwa, na mke au mume akiishika tu anauliza huyu nani na hela ya nini. Ikabidi asajili namba ya malipo kwa jina la biashara ambalo halisemi kitu.

Kati ya mteja na mteja anaacha nusu saa ili wasipishane mlangoni. Wanaotoka upande wa Ngorongoro, huko Nainokanoka na Endulen, anawapangia siku ya mnada. Siku hiyo kila mtu ana sababu ya kuwa Karatu na hakuna anayekuuliza umefuata nini mjini.

Iliyonigusa kuliko zote ni ya salamu. Akikutana na mteja barabarani au kanisani haanzi yeye kumsalimia, anasubiri asalimiwe, na anawaambia hivyo siku ya kwanza kabisa. Mnajua kwetu kupita mtu bila salamu maana yake nini! Akasema nusu ya mji wanamwona anaringa, na hawezi kujitetea, maana ili ajitetee itabidi aseme ni akina nani asiowasalimia.

Halafu akatoa karatasi zilizobanwa pini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nilikuwa naisikia nikidhani ni mambo ya benki na kampuni za simu. Kumbe imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inamhusu hata mwenye ofisi ya chumba kimoja: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile aliyoizindua Rais Samia mwezi wa nne 2024. Taarifa uchukue kwa sababu inayoeleweka, usizitumie kwa jambo jingine, uzitunze salama, na mwenyewe ana haki ya kujua umeandika nini juu yake na kudai usahihishe. Mambo ya afya yako kwenye kundi la taarifa nyeti. Yanayohusu watoto nayo yamo humohumo. Nikalifikiria kaunta buku langu chini ya boksi la chaki, chai ikanipalia.

Ila sheria haiwezi kutarajia kila kitu, na hapa yule mama alikaa muda mrefu. Kiiraqw anakisikia, Kimaa hakijui. Akija bibi wa Kimasai asiyejua Kiswahili, anakuja na mkalimani wake, na huyo mkalimani ni mtoto wa shemeji yake! Bibi atasema nini mbele ya huyo? Anatafuta mkalimani wa mbali, ikiwezekana wa Loliondo, anamsainisha karatasi ya kutunza siri, na anamuuliza kwanza bibi kama anamtaka. Kuna wakati bibi anasema namtaka huyu wa nyumbani, mgeni simjui. Hapo inabidi amsikilize bibi, siri ni yake.

Na kuna waajiri. Dereva amepata ajali au ameona kitu kibaya njiani, kampuni inamleta, inalipa, wiki ya pili bosi anapiga simu: vipi kijana wetu, ataweza kushika gari? Alichokubaliana na dereva kwa maandishi ndicho anachosema, mara nyingi ni kwamba amehudhuria au hakuhudhuria. Zaidi ya hapo hapana. Amepoteza kampuni moja kwa msimamo huo. Anayelipa si mwenye siri, ndivyo alivyoniambia, nami nikaandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa imejaa.

Nikambana na swali langu: kwa hiyo nilitakiwa kunyamaza tu? Hapana, akasema. Yapo mambo hata yeye hanyamazi, maisha ya mtu yakiwa hatarini, mahakama ikiamuru, au mtoto anaumizwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lakini kumpelekea afisa ustawi wa jamii, huku mtoto mwenyewe umeshamwambia unakwenda, hakufanani na kumwaga mezani saa nne ya chai. Mimi nilikuwa na pa kupeleka, nikapeleka kwenye maandazi.

Jumatatu nikaenda kwa yule binti. Nilimwomba msamaha, akasema "sawa Madamu" ile ya kumwondoa mtu. Nikampa kurasa zangu, zile nilizoandika juu yake, nikamwambia hizi ni zako, soma. Alizisoma mbele yangu, neno kwa neno. Nikamwambia pia kuhusu ile kazi ya chuo, kwamba nilitaka kumwandika, akikataa basi. Akafikiri, akaniomba kalamu. Rasimu ilikuwa kurasa tano. Alikata mstari, akakata mwingine, akakata aya nzima, mahali pamoja akaandika "si kweli, sikusema hivi", na kumbe kweli hakusema hivyo, nilijiongezea mwenyewe ili ipendeze. Alipomaliza ilibaki kama nusu ukurasa. "Hii waweza," akasema. Kaunta buku lote nimebadilisha, majina hamna, na kurasa zake amebaki nazo yeye. Yale mambo yake mengine yako kwa mtu anayestahili, naomba msiniulize, na nyinyi mliofanya fildi Karatu msijaribu kubashiri.

Matokeo yametoka juzi. Mhadhiri ameandika kwa wino mwekundu, "Maelezo ya mteja hayajitoshelezi," akanipa 11 kwa 20. Rumeti wangu nilipompigia akasema nikate rufaa, nimweleze mhadhiri yaliyokuwemo kwenye zile kurasa nyingine.

Nimemwambia nitafikiria, ila sitakwenda. Haya, chai imepoa na kesho nina kipindi saa moja asubuhi.