Ukurasa wa saba

Wengi wenu munanijua kwa sauti tu, ile inayowaletea habari za Kiwanja redioni. Wachache wanajua kwamba ninachora pia. Nilianza kwenye shule ya sekondari, kwa biki, nyuma ya kaye ya hesabu.

Mwisho wa mwezi wa kumi 2022, wapiganaji wa M23 walipoingia Rutshuru na Kiwanja, tulikimbia kama wengine. Tulipita Kalengera, Rumangabo, Rugari na Kibumba mpaka kambi ya Kanyaruchinya. Pale sikuwa na redio ya kufanyia kazi, ila kaye na biki. Nikachora safari yetu picha kwa picha, na maneno machache ya Kiswahili, ili hata asiyesoma vizuri afuate. Zilipatikana kurasa 12.

Mwaka uliofuata, rafiki akaniambia kuna maonyesho madogo ya wachoraji wa BD katika ukumbi mmoja mjini Goma. Kila mchoraji anapewa meza, anauza kazi yake mwenyewe. Jambo hili si geni kwetu Kongo. Kule Kinshasa, katika miaka ya 1990, Papa Mfumu'eto alitoa mwenyewe vitabu vyake vya katuni kwa Lingala, juu ya karatasi ya bei rahisi, vikauzwa sokoni na barabarani. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo. Nikajiambia: kama yeye hakungoja mtu wa kumchapisha, nami nijaribu.

Nikakopa pesa, nikapiga fotokopi, nakala 40, nikazikunja na kuzibana kwa pini. Bei ilikuwa franka 2.000.

Asubuhi vijana walipita, wakafungua, wakacheka, wakarudisha mezani. Si rahisi kukaa kimya wakati mtu anasoma kitabu chako mbele yako kisha anaenda bila kununua. Lakini wengi walisimama kwenye ukurasa wa saba. Pale nilichora mama mwenye mtoto mgongoni na mashine ya kushona kichwani, machozi yanamtiririka. Kufika katikati ya mchana nilikuwa nimeuza nakala tisa, na karibu wote walinunua kwa sababu ya ukurasa ule. Mgeni mmoja akataka kununua mchoro wenyewe kwa dola 30. Nikamwambia arudi jioni. Pesa ile ingemaliza deni langu.

Kisha akaingia mama mmoja na beseni ya ndizi za kuuza. Akaweka beseni chini, akafungua kitabu. Alipofika ukurasa wa saba akanyamaza.

— Huyu ni miye, akasema.

Nikamtazama vizuri. Ni kweli, alikuwa yeye. Nilimwona njiani karibu na Rugari, sikumuuliza hata jina.

— Ndiyo, mama.

— Nani alikuambia kama nililia?

Nilikosa jibu.

— Mwanangu, siku ile sikulia. Ile mashine ilikuwa nzito, nilikuwa nahesabu hatua. Kijana mmoja wa chukudu akanibebea mpaka Kibumba, hakuniomba hata franka moja. Huyo ndiye ungechora. Na hizi ndizi, mtaji wake ulitoka kwa mashine ile ile. Nashonea watu kambini.

Ndugu zangu, redioni hatupitishi sauti ya mtu bila ruhusa yake, na akiomba tufiche jina lake, tunalificha. Lakini huyu mama nilichora uso wake bila kumwomba, nikauweka mezani, kila mtu auone, hata yule ambaye pengine anamuogopa. Nilidhani mchoro si picha ya simu, hauna haja ya ruhusa. Na machozi niliongeza mwenyewe. Nilijua yatagusa wanunuzi.

Nikamwomba msamaha, nikamuuliza kama niondoe ukurasa. Akafikiri kidogo.

— Usiondoe. Funika uso, mashine iache. Na umuweke kijana wa chukudu.

Nilibandika karatasi nyeupe juu ya ukurasa wa saba katika nakala zote zilizobaki. Waliouliza niliwaeleza. Nikauza nne tu tangu hapo mpaka jioni. Mgeni aliporudi na dola zake, sikumuuzia. Deni nililimaliza baada ya miezi miwili.

Juma lililofuata nilimpelekea yule mama mchoro mpya kule Kanyaruchinya. Uso ulifunikwa na kitenge. Aliutazama, akacheka: gurudumu la chukudu lilikuwa dogo sana, lisingebeba hata kuku. Nikalirekebisha pale pale, mbele yake. Ndipo nikapiga fotokopi tena.

Tangu siku ile, mtu niliyemchora ndiye anaona mchoro wa kwanza, kabla ya mnunuzi. Nanyi munaosoma haya, muliokimbia mara moja au mara nyingi: anapokuja mwandishi au mchoraji kutafuta habari yenu, muna haki ya kumwambia, «Nionyeshe kile umeandika.» Akikataa, hata kama ni miye, musimpe.