Gesi ya Mama, Gesi ya Dada

"Nyumbani mnapikia nini?"

Daktari aliuliza hivyo kabla ya kuuliza kuhusu vumbi wala paka. Ilikuwa usiku wa Januari 2023, katika chumba cha dharura cha hospitali moja huko Bronx, New York. Mtoto wa dada yangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu pia na huniita Mamdogo, alikuwa amekaa kitandani akivuta dawa kwa barakoa, mabega yakipanda na kushuka kama ya mzee aliyetoka kupanda mlima. Alikuwa na miaka sita.

Dada alikuwa bado ana unga wa vitumbua kwenye mkono wa sweta. Alijibu haraka, tena kwa fahari kidogo: "Gesi." Alilitamka neno hilo kama Mama anavyotamka "nyumba ya matofali". Maana yake ilikuwa: sisi si watu wa moshi.

Daktari aliandika kitu, kisha akasema kwa upole kwamba jiko la gesi nalo huchafua hewa ya ndani na linaweza kumsumbua mtoto mwenye pumu. Tukipika, tufungue dirisha na tuwashe feni ya juu ya jiko. Dada alinigeukia. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha maji, na feni yetu ilikuwa ya kuivuta hewa ya jikoni na kuirudisha jikoni hapo hapo. Tukiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili mtoto asiamke: "Si wewe uliyemwambia Mama gesi ni safi?"

Ni mimi.

Sisi tumekulia kwenye mkaa. Jiko la Mama, Morogoro, ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na ukuta wake wa ndani umepata weusi unaong'aa ambao hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Kikohozi chake tulikizoea kama mlio wa mlango. Kilituamsha asubuhi, kikatuambia chai iko karibu. Hakuna aliyewahi kukiita ugonjwa.

Mwaka 2021 nilirudi likizo nikiwa nasomea afya ya jamii, na kama wanafunzi wengi nilirudi na takwimu. Nilimwambia Mama kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa kupikia majumbani husababisha vifo vya mamilioni ya watu kwa mwaka. Aliendelea kuchambua mchele. "Na mimi ni wa ngapi?" akauliza.

Nilinunua mtungi wa kilo 15 na jiko la plate mbili. Kwa wiki nzima halikuwashwa. Mtungi utalipuka, alisema. Ugali wa gesi hauivi, na maharage ya gesi hayana ladha. Aliufunika mtungi kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia televisheni, akaukaribisha kila mgeni auone. Kisha ikaja asubuhi ya mvua, mkaa umelowa, na majirani wawili wanasubiri chai. Niliposikia kiberiti nilijifanya nimelala.

Tangu siku hiyo gesi ilikuwa ya chai, mayai na kupasha moto kiporo. Maharage na makande vilibaki kwa mkaa, kwa sababu maharage "yanakula gesi", na mtungi ukiisha unataka fedha zote kwa mkupuo, wakati mkaa unanunulika hata wa kisado. Kikohozi hakikuisha. Kilipungua kiasi kwamba asubuhi nilianza kuamshwa na jogoo. Nilirudi Marekani nikijiona nimeshinda.

Sasa, miezi ile ile mtoto alipolazwa, Marekani nzima ilikuwa inagombana kuhusu majiko ya gesi. Mwezi Desemba 2022 ulikuwa umetoka utafiti uliokadiria kwamba asilimia 12.7 ya pumu ya watoto nchini humo inaweza kuhusishwa na majiko hayo. Januari, Richard Trumka Jr., mmoja wa makamishna wa tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa, aliliambia shirika la habari la Bloomberg kwamba hata kupiga marufuku lilikuwa jambo linaloweza kufikiriwa. Moto ukawaka. Mbunge mmoja wa Texas, Ronny Jackson, aliandika kwamba wakilitaka jiko lake, waje walitoe mkononi mwa maiti yake. Mwenyekiti wa tume ilibidi atoke hadharani kusema hana mpango wa kupiga marufuku majiko ya gesi.

Dada aliyafuata yote hayo kwenye simu huku akikoroga. Wikiendi yeye hupikia shughuli za Waafrika Mashariki, harusi, misiba, mahafali, na fedha ya pilau ndiyo inayoziba pengo la kodi. Aliposikia kwamba jiji lenyewe la New York lilishapitisha sheria mwaka 2021 dhidi ya gesi, aliamini kuna siku watu wa serikali watagonga mlango na kulibeba jiko.

Nilimweleza kwamba sheria ile ni ya majengo mapya. Ndivyo ilivyokuwa hata Berkeley, California, mji wa kwanza Marekani kukataza mabomba ya gesi katika majengo mapya, mwaka 2019. Wenye migahawa walikwenda mahakamani, na Aprili 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua sheria hiyo. Katika kelele zote zile, hakuna sheria hata moja kati ya hizo iliyogusa jengo letu, ambalo ni kongwe kuliko Mama.

"Kwa hiyo wanaojenga leo watalindwa," Dada akasema, "na sisi wa majengo ya zamani tufungue dirisha."

Sikuwa na la kumjibu.

Nilifanya ninachojua kufanya: nikasoma. Gesi ya Bronx si gesi ya Morogoro. Ya Mama ni propani na butani zilizoshindiliwa kwenye mtungi. Ya Dada ni methani inayokuja kwa bomba toka mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2022 kwamba sehemu kubwa ya methani inayovuja kwenye majiko ya nyumbani huvuja jiko likiwa limezimwa, na methani huipasha dunia joto kwa nguvu kuliko kaboni dayoksaidi. Hilo ni la dunia. La kifua cha mtoto ni jingine, nitrojeni dayoksaidi, ambayo hutokea moto wowote wa gesi unapowaka, uwe wa bomba au wa mtungi. Haina rangi ya kuiona jikoni wala haiachi masizi ukutani. Ndiyo maana sisi tuliokulia kwenye ukuta mweusi hatukuwa na njia ya kuiogopa.

Nilitaka pia kuwa mkweli kwa Dada, kwa sababu hoja yake ilikuwa na miguu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha watoto zaidi ya 500,000 katika nchi 47, haukukuta uhusiano kati ya kupikia gesi na pumu. Dada alishangilia. Nikamsomea sentensi iliyofuata: moto wa wazi, kuni na vinavyofanana nazo, ulihusiana na dalili za pumu. "Basi Mama alihama kutoka kwenye kibaya," akasema. "Sawa. Na sisi tunahama kutoka wapi?"

Jibu lililonisaidia lilitoka mtaani kwetu. Shirika la WE ACT for Environmental Justice lilichagua nyumba 20 za makazi ya umma hapo hapo Bronx, ambako pumu ya watoto ni tatizo la miaka mingi. Nyumba 10 ziliondolewa majiko ya gesi, zikapewa ya umeme ya indaksheni. Katika nyumba hizo kiwango cha nitrojeni dayoksaidi kwa siku kilishuka kwa asilimia 35 kikilinganishwa na zilizobaki na gesi. Wapishi wake hawakutaka kurudishiwa gesi. Dada aliuliza swali moja tu: "Waliyanunua wenyewe?" Hapana, walipewa. Akacheka cheko la pembeni. "Mimi hata jiko si langu. La mwenye nyumba."

Alikuwa sahihi. Mpangaji hang'oi jiko la mwenye nyumba. Tuliandika barua kuomba walau feni inayotoa hewa nje. Haikujibiwa. Mwishowe nilinunua jiko dogo la indaksheni la plate moja, la kuweka mezani, na Dada akalibatiza jina: jiko la sumaku. Linataka sufuria inayonasa sumaku, basi. Tulibandua sumaku ya kwenye friji, yenye picha ya twiga, tukaanza kuipitisha kwenye vyombo.

Sufuria kubwa ya pilau aliyoibeba Dada kwenye begi toka Kariakoo: sumaku ikaanguka. Ni alumini. Sufuria ya ugali, ikaanguka. Ya maziwa, ikaanguka. Mtoto alikuwa anaiokota sakafuni na kutangaza, "Imekataa!" Tulipofika kwenye kikaango cha chuma cha chapati, twiga akanasa pah! Mtoto akapiga makofi. Dada hakupiga. Alikuwa anaziangalia zile sufuria zimejipanga sakafuni, maisha yake yote ya upishi yakiwa upande wa "imekataa".

Katika mijadala ya televisheni nilikuwa nimesikia watu wakitetea moto wa gesi kwa sababu ya uhuru. Sikuwahi kumsikia mtu akisema: nina sufuria tano, zote alumini, na moja niliachiwa na bibi yangu.

Tuligawana kazi kama Mama alivyogawana. Siku za wiki, chai, uji, chapati na wali mdogo vilihamia kwenye jiko la sumaku. Wikiendi ya shughuli gesi iliwashwa, dirisha wazi hata kama theluji inaanguka, na mimi namchukua mtoto tunakwenda maktaba hadi pilau lipoe. Swichi kuu ilikatika mara mbili kwa sababu tuliwasha maikrowevu wakati mmoja na jiko. Siwezi kusema jiko ndilo lililomponya mtoto. Alibadilishiwa dawa pia, baridi ikaisha, akakua. Ninachoweza kusema ni kwamba msimu wa baridi uliofuata hatukulala hospitali.

Mama hatukumwambia. Tulijua angeuliza nini. Alikuja kujua Mei 2024 kwa kinywa cha mtoto mwenyewe, kwenye simu ya video, alipomwonyesha bibi yake jiko "lisilo na moto".

"Gesi mmeiacha?" Mama akauliza. Nikajaribu kueleza: pumu, madirisha, majengo. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo ni adhabu yake kubwa.

"Mwezi huu huu Rais Samia alikuwa Paris," akasema, "kwenye mkutano wa nishati safi ya kupikia. Redio nzima ni hiyo. Ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tumeacha kuni na mkaa. Mimi nimeshaacha nusu. Sasa mwanangu aliyenitoa kwenye mkaa ananiambia huku nilikofika nako si kuzuri."

"Mama, sijasema urudi kwenye mkaa."

"Najua hujasema. Nauliza kama ulijua wakati unaninunulia."

Nilimwambia ukweli, kwamba nilijua gesi ina afadhali kubwa kuliko mkaa na sikufikiria mbele zaidi, kwa sababu nilikuwa nasikiliza kikohozi chake tu. Alinyamaza. Kisha akasema kitu ambacho darasani ningekitafutia kurasa kumi: "Ulifanya vizuri. Mtu anayezama humwulizi anataka mtumbwi wa mbao gani. Lakini akishafika ufukweni, usimfiche kwamba ule mtumbwi ulikuwa unavuja."

Mwisho wa mwaka ule tulimtumia sufuria ya presha ya umeme, ile ya kubonyeza na kuondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingine ya kitambaa cha kufuma. Badala yake alipiga simu siku ya pili, saa nne asubuhi kwake, mimi nikiwa bado kitandani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mtoto anapumuaje?" Siku hizi haulizi hajambo.

"Vizuri. Na wewe?"

Hakujibu. Aliisogeza simu karibu na kitu kilichokuwa kinafoka polepole. Maharage, akasema, yameiva kabla hajamaliza kufagia uwanja, na ameangalia LUKU kabla na baada: hata uniti moja haijaliwa. Jiko la mkaa liko pale pale kwa siku umeme ukikatika. Mtungi nao upo, wa chai ya wageni.

Nilikuwa najua ya kumwambia. Kwamba sehemu kubwa ya umeme wetu nayo imekuwa ikitokana na gesi, ile ya Songo Songo na Mtwara, ingawa sasa kuna maji ya bwawa la Nyerere kule Rufiji. Kwamba hata umeme wa Dada New York una mitambo ya gesi nyuma yake. Kwamba kwa namna fulani tumeusogeza moto mbali na vifua vyetu, hatujauzima. Nikawa naipanga sentensi ya kwanza.

"Haya," akaniwahi, "na hii nayo niambie ubaya wake mapema. Kabla sijaizoea."