Fundo Ndani ya Kikombe

Kwa miezi kadhaa niliona nyuzi nyeusi zikining'inia kwenye mguu wa meza yangu ya chakula hapa Mbeya, fundo juu ya fundo, na sikuuliza. Mpwa wangu, aliyekuwa mwaka wa tano wa udaktari, aliishi nami, nami nikadhani uchovu wa mitihani ndio uliomfanya achezee uzi. Siku nilipofungua friji na kukuta miguu miwili ya mbuzi ndani ya bakuli, imeshonwa kwa unadhifu kuliko suruali niliyovaa, ndipo nilipomwita.

"Samahani, Mjomba. Hiyo si ya mchuzi."

Miguu aliinunua kwa muuza nyama, sokoni Mwanjelwa. Kabla ya hapo alishonea maganda ya ndizi, ambayo huchanika mara tu mkono unapovuta kwa pupa. Ngozi ya mbuzi ni ngumu, nayo humfundisha mtu kuingiza sindano wima na kuizungusha kwa kiwiko cha mkono ifuate mpindo wake. Fundo likikazwa mno, ngozi hukosa damu na kufa. Likilegea, kingo za jeraha haziungani. Mafundo aliyafunga akiwa amevaa glavu zilizopakwa sabuni, kwa kuwa damu huteleza.

Zoezi lililonishangaza zaidi lilikuwa la kikombe changu cha bati. Alibandika kipande cha waya chini ndani yake, akawa anafunga uzi humo kwa vidole viwili. Kikombe kikiinuka mezani, amekosea: ndani ya mwili, mvuto huo ungekata mshipa.

Wasomaji wangu wanajua kwamba si kawaida yangu kuandika habari za familia. Leo nalazimika. Binti huyu alizaliwa kwa upasuaji wa usiku mkoani Iringa, na baada ya siku saba mshono wa mama yake, ambaye ni dada yangu, uliachia. Jeraha huachia kwa sababu nyingi, maambukizi yakiwamo, nami simshtaki mtu. Lakini dada yangu hakusahau kwamba aliyemshona alikuwa kijana ambaye mikono yake ilitetemeka, na hapakuwa na mkubwa wa kusimama kando yake.

Nchi yetu imelijua tatizo hili muda mrefu. Tangu miaka ya 1960 tuliwafundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wilayani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba matokeo ya upasuaji wao wa uzazi hayakutofautiana kwa kiwango cha maana na ya madaktari kamili. Kilichowafikisha hapo ni mazoezi yaliyorudiwa chini ya usimamizi. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Tanzania iliandaa mpango wa kitaifa wa upasuaji wa miaka 2018 hadi 2025, na vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji. Nimehudhuria uzinduzi wa jengo la namna hiyo. Utepe ulikatwa kwa mkasi mzuri sana. Mkono wa atakayefanya kazi humo hauzinduliwi na mtu, na kwenye bajeti hauna fungu lake.

Kishikio cha sindano, kibano na mkasi alivyotumia mpwa wangu alivinunua kwa fedha ya nauli. Semina moja ya siku mbili, kwa posho tunazozijua sisi watumishi wa umma, ingewanunulia vifaa hivyo darasa zima. Lakini nisije nikaeleweka vibaya: mguu wa mbuzi hautoki damu wala haushtuki, na anayejifunza peke yake huweza kukomaza kosa. Yeye alijirekodi kwa simu na kumpelekea mwalimu wake, ambaye alimrudishia masahihisho usiku, bila malipo. Mwalimu akichoka, nini kinabaki?

Sasa yuko Iringa kwa utarajali. Wiki ya tatu alinipigia simu alfajiri: ameshona tabaka la ngozi la mama aliyejifungua, msimamizi wake akitazama. Nikamwuliza kama mikono ilitetemeka.

"Mwanzoni, Mjomba. Sindano mbili za kwanza."

Akaniomba nisimwambie mama yake hadi siku ya saba ipite.