KILA KIJITI NI MTOTO

Akina mama wengi wakisikia neno takwimu hufikiri ni mambo ya maofisini, ya wasomi wenye miwani na makabati ya mafaili. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya mama na mtoto tunaishi na takwimu kila siku. Jioni, benchi likishakuwa tupu, tunafungua vitabu vya MTUHA na kuhesabu vijiti: waliopimwa uzito ni wangapi, waliochanjwa ni wangapi, wenye homa ni wangapi, waliofariki ni wangapi. Mchana tunawasikia kina mama wakinong'ona, "Manesi hawa kuandika tu, mtoto analia hawamwoni." Hatuwalaumu. Mtoto akichemka mwilini, kalamu inaudhi. Lakini mwezi huu tumeona ni vema tuwaeleze vijiti hivyo vinafanya kazi gani, kwa sababu vimeokoa watoto wengi kuliko mnavyodhani.

Muuguzi aliyependa hesabu

Sisi manesi tuna dada yetu mkubwa katika jambo hili. Ni Florence Nightingale, yule aliyekwenda kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea mwaka 1854. Wengi tunamjua kwa taa yake ya usiku. Wachache wanajua kwamba alikuwa hodari wa hesabu. Alihesabu vifo vya askari mwezi kwa mwezi, akagundua kwamba waliouawa na maradhi ya uchafu na msongamano walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha ya vita. Mwaka 1858 alichora hesabu hizo kwa rangi, ili hata mkubwa asiyependa kusoma tarakimu aone kwa macho. Kwa njia hiyo aliwasukuma watawala kusafisha kambi na hospitali za askari.

Pesa zilikuwa zinakwenda kwingine

Tuje nyumbani Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Swali lao lilikuwa jepesi, la mama yeyote anayepanga matumizi ya nyumba: je, fedha yetu inakwenda kwenye shida yetu kubwa?

Jibu halikuwa zuri. Huko Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa kifo na maradhi. Lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996, malaria ilitengewa asilimia 5 tu. Ni kama nyumba ambayo watoto wanashinda na njaa, na mshahara unaishia kwenye mapazia.

Mtauliza, kwani hawakuwa na vitabu vya zahanati? Walikuwa navyo, lakini kitabu cha zahanati kinamwona yule tu aliyefika. Mtoto aliyefia nyumbani usiku, mvua ikinyesha na barabara imekatika, hana kijiti popote. Tulifundishwa shuleni kwamba sehemu ina kiasi na asili. Sisi zahanati tunajua kiasi, yaani wagonjwa waliokuja. Asili, yaani watoto wote waliopo vijijini, hatuijui kwa kukaa mezani. Kwa hiyo wahoji walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Penye msiba, walikaa na mzazi na kumwuliza taratibu: mtoto aliumwaje? Homa ilianza lini? Alipata degedege? Alikuwa anapumua kwa shida?

Tufikirie kidogo juu ya mama huyo. Mwanawe yuko kaburini, na mgeni mwenye karatasi anamwomba akumbuke siku zile za mwisho. Angeweza kufunga mlango. Wengi walijibu. Kutokana na majibu yao wilaya zilijua maradhi yanayoua, zikapanga fedha upya: malaria ikapewa uzito wake, na wahudumu wakafunzwa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Rufiji, kati ya mwaka 1999 na 2000, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Hatusemi kwamba mpango huo peke yake ndio uliofanya yote. Lakini watoto hao 28 katika kila elfu wana mama zao.

Kuuza au kugawa bure?

Katika kikundi chetu cha wanawake kanisani tuliwahi kubishana sana juu ya vyandarua. Wengine walisema, "Kitu cha bure hakithaminiwi, atakifanya wavu wa samaki. Alipe hata kidogo." Wengine wakasema, "Mwenye hela ya chandarua siye yule mtoto wake anayekufa." Kila upande ulikuwa na mfano wa jirani fulani, na mifano ya majirani haimalizi ubishi.

Suala hilo lilipimwa Kenya. Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walifanya utafiti katika kliniki za wajawazito magharibi mwa nchi hiyo. Kliniki zilichaguliwa kwa kura: nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine ziliuza kwa bei ndogo tofauti tofauti. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa wanawake 60 hivi katika kila 100. Na wale waliolipa hawakuonekana kukitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Shilingi arobaini! Kumbe ile bei ndogo haikuwa inawachuja wazembe, ilikuwa inawachuja maskini.

Hapa kwetu wengi mnaikumbuka Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004, ambapo mjamzito alipewa hati na kuongeza fedha kidogo dukani. Ilisaidia wengi. Lakini hata hiyo nyongeza kwa mama fulani ilikuwa ni unga wa siku.

Baba naye alale ndani ya chandarua

Hesabu nyingine haihesabu yaliyopita, bali inatabiri. Wataalamu huiita modeli ya kihesabu: unaandika jinsi mbu anavyozaliwa, anavyouma na anavyokufa, kisha unauliza, nikibadilisha hiki, itakuwaje? Ronald Ross, daktari aliyegundua kwamba malaria huenezwa na mbu, alionyesha mwaka 1911 kwamba si lazima kuua mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa wenyewe hufifia.

Mwaka 2007 watafiti wa Ifakara na wenzao walitumia hesabu za namna hiyo kwa vyandarua vyenye dawa. Walikuta kwamba ikiwa kati ya asilimia 35 na 65 ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanalala ndani ya vyandarua hivyo, hata wasio navyo huanza kupata kinga, kwa kuwa mbu wanakufa na maambukizi yanapungua kijiji kizima. Nako Asembo, magharibi mwa Kenya, ilishaonekana kwa macho: watoto wa nyumba zisizo na chandarua, lakini zilizo ndani ya mita 300 kutoka penye vyandarua, nao walinufaika.

Kwa hiyo, mama, baba akisema, "Chandarua ni cha watoto, mimi ni mtu mzima," mwambie kwa upole kwamba mbu aliyetua kwenye chandarua chake akafa, hatamfikia mwanawe wala mtoto wa jirani. Mwaka huohuo wa 2007 Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri vyandarua viwafikie watu wote, bure au kwa bei nafuu mno.

Yanayotupasa sisi nyumbani

Kwanza, kadi ya kliniki ya mtoto itunzwe kama hati ya kiwanja, na uje nayo kila mara. Pili, andikisha vizazi na, ijapokuwa ni vigumu, andikisha vifo pia. Tatu, karani wa sensa au mhoji akija mlangoni, mpe ukweli. Ukisema una watoto watatu ilhali ni watano, dawa za wawili hazitaletwa. Nne, nunua daftari dogo, uandike kwa mwaka mmoja kila homa ya nyumbani, nauli ya kwenda hospitali, dawa, na siku ulizoacha biashara au shamba. Mwisho wa mwaka jumlisha, kisha mkae na baba wa watoto mtazame mnakopoteza. Tano, binti yako akipenda hesabu, usimwambie ni somo la wavulana.

Takwimu haimjui mtoto wako kwa jina, sisi tunajua. Haiwezi kumbeba wala kumfuta machozi mama yake. Kazi hiyo ni yetu sote, na hatutaiacha. Ila tunawaomba, mkituona tumeinama juu ya vitabu vyetu, mtuvumilie dakika chache. Na wewe mama uliyepata msiba, siku utakapoulizwa habari za mtoto wako, jibu kadiri moyo utakavyoweza. Maneno yako yanaweza kufika mahali pa kupanga bajeti, na mtoto wa mwenzako akapona kwa ajili yake.