Anachouza Muuzaji wa Modeli za Mtumba

Kazi iliyonilisha Uingereza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ni kununua na kuuza mtandaoni modeli za plastiki ambazo wenye nazo wa kwanza hawakuwahi kuziunganisha: ndege, vifaru, meli na magari, vipande vyake bado vimeshikana kwenye fremu ndani ya boksi. Wengi wanaoitazama kazi hii kwa mbali hudhani faida yake hutokana na uadimu, kwamba ukipata boksi la zamani lisilotengenezwa tena umepata fedha. Mimi nimefikia msimamo mwingine. Muuzaji wa modeli huuza taarifa sahihi, na ufungaji mzuri ndio unaoitimiza taarifa hiyo. Mnunuzi wa mitumba Kariakoo au Gikomba huigeuza nguo na kukagua mishono kabla ya kutoa hela. Mnunuzi wangu aliye Ujerumani hulipa kwanza, akakagua baadaye; kwa siku zote za katikati hutegemea macho na mikono yangu.

Ushahidi wa kwanza umo katika historia ya viwanda vyenyewe. Vipande hivi hutolewa kwa kusukuma polistirini iliyoyeyushwa ndani ya kalibu za chuma, na kalibu hizo huishi muda mrefu kuliko kampuni zinazozimiliki. Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilifilisika mwaka 1981, na kalibu zake zikapita mikono kadhaa hadi Hornby ilipoinunua mwaka 2006. Frog ilipoacha kutengeneza modeli miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilikwenda Muungano wa Kisovieti, na ndege zilezile zikarudi sokoni kwa jina la Novo. Kalibu za Matchbox nazo ziliishia kwa Revell. Hivyo boksi lenye sura mpya laweza kubeba vipande vilivyobuniwa nusu karne iliyopita, na modeli inayosifiwa leo kuwa adimu yaweza kutolewa upya mwakani, bei yake ikashuka. Anayetegemea uadimu anategemea uamuzi wa kiwanda kisicho chake. Anayejua ni kalibu ipi na toleo la mwaka gani, akaliandika wazi, ana mtaji ambao kiwanda hakiwezi kumnyang'anya.

Taarifa hiyo haipatikani bila kufungua boksi na kuhesabu. Fremu hulinganishwa na mchoro wa maelekezo, moja baada ya nyingine, maana kipande kimoja cha gurudumu kikikosekana, modeli nzima haikamiliki. Plastiki yenyewe haizeeki haraka. Vinavyozeeka ni vile vilivyo pembeni yake. Stika za kulowekwa majini hugeuka manjano au kupasuka zikiguswa na maji. Matairi na minyororo ya vifaru ya vinaili, ikilala miaka mingi juu ya polistirini, huweza kuiyeyusha. Vioo vya rubani hupata mikwaruzo vikisuguana na fremu. Wapo wanaonipinga wakisema boksi lenye nailoni ya kiwandani lisiguswe, kwa kuwa thamani yake imo katika kufungwa kwake. Kwa mkusanyaji wa maboksi hoja hiyo ina uzito, nami boksi la namna hiyo huliuza lilivyo. Lakini nailoni haisemi lolote juu ya hali ya stika, na mashine ya kufunga nailoni upya si ghali. Kwa hiyo tangazo lisiahidi ambacho jicho halikukiona: liseme tu kwamba boksi limefungwa na halijakaguliwa.

Pingamizi la pili linahusu ufungaji. Husemwa kwamba mjenzi anataka vipande, boksi atalitupa, basi mfuko wa posta unatosha. Jibu langu ni kwamba boksi likibonyea, fremu huvunjika pamoja nalo. Tena wapo wanaonunua kwa ajili ya picha za juu ya boksi, hasa zile ambazo mchoraji Roy Cross aliichorea Airfix kuanzia mwaka 1964. Vipande vilivyochomoka huwekwa kwenye vifuko, na vioo hupewa kifuko chao peke yake. Nafasi iliyobaki ndani hujazwa karatasi laini bila kukandamiza. Selotepu haigusi boksi la modeli kamwe, kwa sababu hubandua rangi ya picha. Kisha boksi huingia ndani ya boksi kubwa zaidi, likizungukwa pande zote sita na kitu cha kunyonya mshtuko. Ni kweli kwamba gharama hii huweza kumeza faida ya modeli ya bei ndogo. Dawa yake ni kuziuza za namna hiyo kwa mafungu, au kuandika nauli halisi kwenye tangazo, badala ya kupunguza kinga.

Uaminifu huo huendelea hadi posta na forodha. Mikusanyo ya zamani huja na vikopo vya rangi ya mafuta na chupa za gundi, vitu vinavyoshika moto; hivyo hutolewa kabla ya kusafirisha, maana kifurushi hupanda ndege. Tangu Januari 2021 kila kifurushi cha bidhaa kutoka Uingereza kwenda Ufaransa au Ujerumani huhitaji fomu ya forodha, na Julai mwaka huo Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za chini ya euro 22. Baadhi ya wanunuzi huomba iandikwe kwamba ni zawadi, au bei ipunguzwe kwenye fomu. Huo ni uongo mbele ya sheria, na humgeukia aliyeuomba: kifurushi kikipotea, ni vigumu kudai fidia inayozidi thamani iliyoandikwa.

Anayetaka kuingia katika biashara hii asianze kwa kutafuta modeli adimu. Anunue chache anazozifahamu, ahesabu vipande, aandike kasoro kabla ya sifa, kisha afunge kila boksi kwa namna ambayo angetaka afungiwe yeye. Wateja wanaorudi ndio wanaoiendesha kazi hii, na hurudi kwa sababu walichopokea kililingana na walichosoma.